Bunduki ya Darini

Tuseme mtu wa Mpanda ashusha darini bunduki kuukuu aliyoachiwa na babu yake. Aitambueje? Na atazame chuma kilipoungana na mti. Akiona taji na tarakimu 71, hiyo ni Mauser ya Kijerumani ya mfano wa mwaka 1871, ipigayo risasi nene ya milimita 11 kwa baruti nyeusi. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa nayo vita vilipoanza mwaka 1914, na moshi wake ulimwonyesha adui mahali walipojificha.

Chuma kitasema habari za mfalme. Hakitasema babu aliipataje: alikuwa askari, au mpagazi, au aliiokota porini? Jeshi lile liliweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Lakini nyingi zilikwisha kupotea njiani.

Mjukuu asema, "Haina risasi, ni ukumbusho tu." Namhurumia, maana labda hana kitu kingine kilichoshikwa na mkono wa babu. Lakini ni ukumbusho wa nani? Wapagazi waliokufa kwa maelfu katika vita vile hawakuacha hata fimbo. Tena jirani aionaye usiku hawezi kujua kwamba ni tupu, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuiweka bila leseni.

Mimi naona awaarifu polisi waje waichukue. Ila kwanza awaulize wazee ilikotoka, akaandike wayasemayo, hata yakiwa ya aibu.