Bustani Iliyokauka na Riziki Iliyomo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuumba na kuruzuku, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu! Mola wetu ametuamuru tuitazame ardhi jinsi aihuishavyo baada ya kufa kwake. Twalisoma jambo hili mara nyingi, lakini ni wangapi kati yetu watazamao? Basi natutazame leo nchi iliyo mbali nasi, kwani milki yake Mola haina mpaka.

Katika jimbo la Illinois, Marekani, palikuwa na mbuga za nyasi ndefu ziitwazo preri, zenye ukubwa wa kiasi cha ekari milioni 22. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa huko, John Deere, alifanya plau ya chuma cha pua iliyoweza kupasua udongo ule mzito. Na karne ile haikwisha ila mbuga karibu zote zimekuwa mashamba. Leo haikusalia hata sehemu moja katika elfu. Kisha watu wakaona walichopoteza. Mwaka 1935, mjini Madison katika jimbo jirani la Wisconsin, kazi ya kuirudisha preri ilianza, na sasa wako waipandao mimea ile ya asili hata katika bustani za majumbani mwao.

Ukiingia bustani hizo wakati wa kharifu, yaani majira ya kupukutika majani kabla ya baridi, utaona nyasi zimekuwa rangi ya shaba, na maua mengi yamebaki vichwa vyeusi vya mbegu. Mwenye haraka atasema: "Hii imekwisha kufa, leteni mundu." Lakini mtazame ndege mdogo wa jamii ya chiriku, atuaye juu ya vichwa vile akadonoa mbegu. Na ndani ya mabua yaliyo wazi wamo watoto wa nyuki wa mwituni, wakingojea joto. Na chini ya udongo mizizi ya nyasi imeshuka zaidi ya mita mbili, nayo i hai. Na juu ya maua machache yaliyochelewa hunywa kipepeo aitwaye Monarch, akijiwekea akiba ya safari ya kwenda milima ya Mexico, ambayo yaweza kupita kilomita 4,000. Naye hajapata kufika huko, wala mzazi wake. Ni nani aliyemwonyesha njia?

Kwa sababu hiyo mwenye bustani ajuaye huyaacha mabua yasimame mpaka baridi ipite. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwislamu apandapo mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, basi huwa ni sadaka yake.

Ewe ndugu yangu mwenye shamba! Kabla hujainua panga juu ya kilichokauka, simama kwanza utazame ni nani alaye humo na ni nani alalaye humo. Kukata ni kazi ya siku moja. Wale wa Madison walianza kurudisha mwaka 1935, na kazi yao haijesha. Ardhi ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuzingatia na mikono yenye kuhifadhi. Amin.