Eliya Chini ya Mretemu: Jeraha la Askari Lisiloonekana

Andiko la msingi: 1 Wafalme 19:1-18
Soma pia: Hesabu 31:19-24, Wakolosai 4:14



Hapa Mariakani tunaishi na askari. Kambi ni jirani yetu, watoto wao wanasoma na wetu, wake zao wanaimba kwaya pamoja nasi. Tangu wanajeshi wetu walipoingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, tumezoea kumwita mbele kijana anayeondoka, tunamwekea mikono na kumfunika kwa damu ya Yesu. Akirudi tunapiga vigelegele, anatoa ushuhuda, tunasema Amina. Ibada inaisha, kila mtu anashika njia ya kwake.

Leo nataka tumfuate huyo askari mpaka nyumbani.

Dada mmoja, si wa ushirika huu, alinieleza mambo ya nyumba yake. Mumewe alirudi mzima, mikono miwili, miguu miwili. Lakini gurudumu la lori likipasuka kule barabara kuu, mzee yuko chini ya meza kabla sahani haijaanguka. Usiku anapiga kelele akiita majina ya watu ambao mke hawajui. Watoto wamejifunza kunyata ndani ya nyumba yao wenyewe. Siku hizi jioni yake ni mangweni, maana bila mnazi usingizi hauji. Jamaa za mume wanasema amerogwa. Jirani anasema ana pepo. Wenzake wa kazi wanasema amekuwa mwoga. Kila mtu amempa jina, lakini hakuna aliyekaa chini akamuuliza, "Baba, uliona nini kule?"

Sasa hebu tumwangalie Eliya.

1. Eliya alikuwa ametoka vitani

Tunapenda sana Eliya wa sura ya 18, yule wa moto wa Karmeli. Lakini msisahau jinsi siku ile ilivyoisha. Manabii wa Baali 450 walipelekwa kijito cha Kishoni wakauawa. Eliya aliona damu. Kisha Yezebeli akatuma neno moja tu la vitisho, na mwanamume aliyesimama mbele ya mfalme akatimua mbio hadi Beer-sheba. Akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Mpendwa, huyu si mtu asiyeamini. Huyu ni nabii aliyeshinda! Ushindi haukumzuia kuumia. Na Torati ilijua jambo hili mapema. Katika Hesabu 31, askari walioua au kugusa maiti walikaa nje ya kambi siku saba wakitakaswa kabla ya kuingia. Mtu hatoki vitani moja kwa moja mpaka mezani kwa mkewe kana kwamba ametoka sokoni.

Wako waliotuambia kwamba sisi Waafrika hatuumii hivyo. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari kule Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kwamba huzuni nzito ya akili ni nadra kwa Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake. Na miaka hiyohiyo askari wetu wa King's African Rifles walikuwa wamerudi kutoka misitu ya Burma, walikopigana mwaka 1944! Walikaa vijijini kimya. Wengine walikuwa babu zetu. Tukisema leo kwamba mwanamume wa kweli halii, tunarudia maneno ya mkoloni huku tukidhani ni ya wazee wetu.

2. Mungu alianza na mwili

Angalia Mungu alifanya nini. Hakumhubiria Eliya. Hakumkemea. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, kulikuwa na mkate wa makaa na maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa imemzidi nguvu.

Madaktari wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia walifikia jambo hilohilo kwa njia ndefu. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika juu ya askari waliopoteza usingizi, kumbukumbu, hata uwezo wa kuona vizuri, ingawa mabomu hayakuwavunja mfupa. Hali hiyo ikajulikana kama mshtuko wa mabomu. Baadaye madaktari waliona kwamba askari akipata mapema usingizi, chakula cha moto na mtu wa kumhakikishia kwamba atapona, wengi wanapata nafuu. Lakini si wote walipata daktari. Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe kwa kosa la kutoroka au woga. Mwaka 2006 serikali yao ikatoa msamaha kwa 306. Msamaha wa miaka 90 baadaye, nao wako kaburini!

Mwambie jirani yako: tusingoje kaburi.

3. Mungu alimwuliza, kisha akasikiliza

Kule Horebu Mungu anamwuliza Eliya anafanya nini pangoni. Eliya anamwaga yote. Upepo unapita, tetemeko, moto, kisha sauti ndogo ya utulivu. Na Mungu anauliza swali lilelile tena! Eliya anajibu maneno yaleyale tena. Mungu hakumwambia, "Hiyo nimeshaisikia." Aliyeumia lazima asimulie, na wakati mwingine asimulie zaidi ya mara moja.

Katika vita vile kulikuwa na madaktari wawili Uingereza. Mmoja, Lewis Yealland, alifanya kazi London. Askari aliyepotewa na sauti alifungiwa chumbani na kupigwa umeme kooni mpaka atoe neno. Wengi walisema, naam. Mwingine, W. H. R. Rivers, alikuwa katika hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart, Edinburgh. Wagonjwa wake walikuwa wameshauriwa na kila mtu wasahau, wasiyataje mambo ya vita. Mchana walijikaza, usiku ndoto ziliwararua. Rivers alikaa nao, akawaacha wayaseme yale waliyoyaona, taratibu, na mtu wa kuwasikiliza akiwa karibu. Wengi wakaanza kulala.

Sasa nauliza, watumishi wa Mungu, viongozi wa maombi: sisi kwenye madhabahu hii ni daktari yupi? Askari akija anatetemeka, tunamsukuma kipaji cha uso na kupaza sauti mpaka aanguke, au tunamsikiliza?

Msinielewe vibaya. Pepo wapo, na Yesu anawatoa. Lakini onyesha mahali ambapo Mungu alikemea pepo wa woga ndani ya Eliya. Hakuna. Si kila kilio cha usiku ni pepo. Jeraha haliambiwi "toka". Jeraha linafungwa.

4. Mungu hakumwacha peke yake

Mwishowe Mungu anampa Eliya kazi, lakini hamrudishi Karmeli. Anampa Elisha, mtu wa kutembea naye. Na anamwambia kuna watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Eliya alidhani amebaki peke yake. Huo ndio uongo mkubwa wa jeraha hili.

Wapendwa, kambi ya El Adde ilivamiwa tarehe 15 Januari 2016, na Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017. Nchi ililia, magazeti yakaandika, kisha yakanyamaza. Lakini kwa aliyenusurika, tarehe hizo hurudi kila mwaka. Kila mmoja anahitaji Elisha wake.

Basi tufanye hivi. Mtu aliyerudi akikaa kimya, kaa naye kimya. Akianza kusema, usimkatize kwa aya. Usimwambie, "Shukuru Mungu wewe uko hai," maana wengine hilo ndilo linalowauma, kwamba wao wako hai na rafiki hayuko. Akisema anatamani kufa, kama Eliya alivyosema, usichukulie mchezo. Muulize waziwazi, usimwache peke yake, ondoa kitu chochote cha kujidhuru, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Jeshi lina madaktari wake, na hospitali yetu hapa Mariakani inaweza kuwa mlango wa kwanza. Ukimwombea, mwombee njiani mkienda.

Na dawa? Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Mtu asije akamwambia ndugu atupe vidonge ndipo imani yake ionekane. Aliyepewa dawa na daktari wa akili azinywe, na atakapotaka kuziacha azungumze na daktari huyo.

Nanyi wake wa askari: kuchoka kwenu si dhambi. Akiwapiga, jeraha lake si kibali. Tafuteni usalama wenu na wa watoto kwanza, kanisa litasimama nanyi.

Maombi

Baba, uliyemlisha Eliya kabla ya kumtuma, wakumbuke wana wako waliorudi miili yao ikatangulia na mioyo yao ikabaki nyuma. Wape usingizi. Wape mtu wa kuwasikiliza. Tufanye sisi kuwa mkate na maji chini ya mretemu wao. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii

1. Someni 1 Wafalme 19 yote kwa sauti. Hesabuni ni mara ngapi Eliya alilala au kula kabla ya kupewa kazi.
2. Ni maneno gani tunayowaambia waliorudi kutoka vitani ambayo yanawafunga mdomo?
3. Kila kikundi kichague nyumba moja ya askari, wa sasa au mstaafu. Pelekeni chakula. Msipeleke mahubiri.