Ujirani na Ulinzi wa Taifa

Litamkwapo neno ulinzi, mawazo ya wengi hukimbilia mipakani, kwenye askari, bunduki na magwaride. Litamkwapo neno ugaidi, mawazo huenda mbali zaidi, hadi kwenye miji mikubwa na balozi za mataifa ya kigeni. Kinampanda haimo katika mawazo hayo. Kata hii ya wilaya ya Iramba, mkoani Singida, yajulikana kwa alizeti na mtama wake, na kwa Chuo cha Ualimu kilichowalea walimu ambao leo wametawanyika nchi nzima. Haina bandari, wala kiwanja kikubwa cha ndege, wala ubalozi. Basi mwanachuo wa hapo ana haki ya kuuliza: mimi ninayejiandaa kufundisha darasa la tatu, nina lipi la kufanya na ugaidi?

Swali hili si la kubezwa, na jibu lake si jepesi kama mabango yanavyolifanya. Mabango husema kwamba kila raia ni mlinzi. Ni kweli; lakini ni mlinzi wa nini, na dhidi ya nani? Kumlinda jirani na kumvizia jirani ni mambo mawili mbalimbali, ingawa macho yatumikayo ni yale yale. Nchi ambayo raia wake hawalindani itashambuliwa kwa urahisi. Nchi ambayo raia wake wanaviziana imekwisha kushambuliwa, hata kama hakuna bomu lililolia.

Neno gaidi lenyewe si geni katika lugha yetu. Zamani lilimaanisha mnyang'anyi wa njiani, yule aliyevizia misafara vichakani. Mnyang'anyi yule alitaka mali. Gaidi wa siku hizi ataka hofu, na hapo pana tofauti kubwa kuliko ionekanavyo. Mali huchukuliwa kwa nguvu, mwenyewe apende asipende. Hofu haisafiri peke yake. Huhitaji watu wa kuibeba kutoka mtaa hadi mtaa. Kwa hiyo gaidi humtegemea mwananchi wa kawaida mara mbili: kwanza katika kuandaa tendo lake, na pili katika kulieneza baada ya kulitenda.

Tutazame jinsi tendo lenyewe linavyoandaliwa. Tarehe 7 Agosti 1998, katika asubuhi moja, kundi la Al-Qaeda lilishambulia balozi za Marekani katika miji ya Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam walikufa watu 11, na wala hapakuwa na Mmarekani hata mmoja kati yao. Kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001 ilieleza jinsi bomu la Dar es Salaam lilivyotengenezwa. Nyumba ilipangwa Ilala. Lori lilinunuliwa kwa watu waliokuwa wakiliuza. Mitungi ya gesi, ya aina itumiwayo na mafundi wa kuchomelea, ilinunuliwa pia. Baruti ilisagwa humo humo ndani ya nyumba kwa mashine ya kusagia. Msomaji atazame orodha hiyo vizuri. Kupangisha nyumba, kuuza gari, kuuza mtungi: hakuna tendo hata moja kati ya hayo ambalo halitendeki kila siku Singida mjini au Kiomboi.

Je, aliyepangisha nyumba ana hatia? La hasha. Mtu hawezi kubeba hatia ya jambo asilolijua, na hakimu mwenye akili hawezi kumtia hatiani muuza mitungi kwa sababu mteja wake alikuwa mwuaji. Tena tuseme ukweli: lau muuza mitungi angemhoji kila mnunuzi kama askari, kazi ya mafundi ingesimama, na huenda gaidi angekuwa mnunuzi mwenye majibu mazuri kupita wote. Wanaofundisha kwamba macho makali ya wananchi yangezuia kila shambulio wanawabebesha wananchi mzigo usio wao. Lakini kutokuwa na hatia si sawa na kutokuwa na wajibu. Hatia hutazama nyuma, kwa lile lililokwisha kutendeka. Wajibu hutazama mbele. Mwenye nyumba ambaye hajui jina la mpangaji wake, wala kazi yake, wala alikotoka, hajatenda kosa. Ameacha tu mlango mmoja wazi ambao ungeweza kurudishwa.

Mfano wa mlango uliorudishwa tunao, na ulikuwa Nairobi asubuhi ile ile. Lori lenye bomu lilipofika kwenye kizuizi cha nyuma cha ubalozi, mlinzi wa Kikenya, asiye na bunduki, aliamriwa afungue. Alikataa. Washambuliaji wakamrushia guruneti, naye akakimbia ili ajiokoe na kuita msaada. Bomu lililipuka nje ya kizuizi. Vifo vilikuwa vingi mno hata hivyo, na hakuna awezaye kumwambia aliyefiwa kwamba ingekuwa vibaya zaidi. Lakini lori halikufika lilikokusudiwa, kwa sababu mtu mmoja wa mshahara mdogo alishika utaratibu wa kazi yake, kama alivyoushika siku zote ambazo hapakuwa na hatari yoyote. Dar es Salaam nako gari la maji lilikuwa langoni likaziba njia ya lori. Hiyo ilikuwa bahati, nasi hatuwezi kumpa mtu sifa kwa bahati. Kukataa kwa yule mlinzi kulikuwa uamuzi.

Msomaji wa Singida hana haja ya kwenda Nairobi ili ajifunze habari za hofu. Mkoa huu una historia yake. Mnamo miaka ya 1946 na 1947, katika wilaya ya Singida ya wakati ule, hasa miongoni mwa Wanyaturu, watu wengi waliuawa kwa majeraha yaliyofanana na ya simba. Ikasemwa kwamba wauaji walikuwa watu, ndio wale walioitwa watu-simba. Serikali ya kikoloni ilileta polisi, kesi zikaendeshwa, na watu wakahukumiwa kunyongwa. Harold Schneider, mtaalamu wa mila aliyekaa na Wanyaturu, baadaye aliitazama upya habari hiyo na kuhoji mengi yaliyokuwa yamekubaliwa. Mimi sina nia ya kuamua hapa ni vifo vingapi vilikuwa vya simba wa porini na vingapi vya mikono ya watu. Naitaja habari hii kwa sababu mbili ambazo kila moja yaivuta nyingine.

Ya kwanza ni ukimya. Yaelekea palikuwa na nyumba zilizojua jambo, zikanyamaza. Zilinyamaza kwa hofu ya kurogwa au kuuawa. Lakini tusisahau kwamba polisi wa mkoloni hakuwa mtu wa kuambiwa siri ya kijiji. Mwananchi humwambia jambo zito mtu anayemwamini tu. Dola inayotaka kuambiwa haina budi kwanza istahili kuambiwa.

Ya pili ni shutuma. Mara tu inapokubaliwa kwamba simba huweza kuwa mtu, basi mtu yeyote huweza kuitwa simba: mwenye ugomvi wa shamba, mkwe asiyependwa, mzee akaaye peke yake. Jambo hili halikuisha na ukoloni. Katika mikoa ya Usukumani na jirani zake, bibi wazee wameuawa baada ya kuitwa wachawi, na ushahidi dhidi yao ulikuwa macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Waliowaua walidhani wanalinda kijiji. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuwafundisha vijana ulinzi wa taifa, na asiwafundishe namna ya kupima ushahidi, anacheza na moto ambao mikoa yetu inaujua.

Makosa haya si ya wanavijiji peke yao. Mwezi Aprili 2014, baada ya mashambulio kadhaa, polisi wa Kenya waliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, katika mtaa wa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakashikiliwa katika kiwanja cha michezo cha Kasarani. Yule mama wa Eastleigh ambaye angeweza kuwa wa kwanza kuona jambo lisilo la kawaida katika jengo lake, baada ya kukaa Kasarani kwa sababu ya kabila lake tu, atamwendea nani na habari hiyo?

Sasa tuulize: kumjua jirani bila kumvizia huwaje? Wahenga walikwisha kutupa njia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitaja methali hii kana kwamba yakemea uvivu tu. Mimi naona ina elimu nyingine. Mgeni aliyepewa jembe huonekana shambani. Husikiwa akiongea, huulizwa habari za kwao, hucheka au hakasiriki anapotaniwa. Kufika mavuno anajulikana, wala hakuna aliyemhoji. Jembe lilimfanya mwenzetu, na katika kumfanya mwenzetu likatuonyesha yeye ni nani.

Chama cha TANU kilipoanzisha mashina ya nyumba kumi, katikati ya miaka ya 1960, kilijenga juu ya msingi huo. Balozi alijua nani ni mgonjwa, nani amepata mgeni, nani hana chakula. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, balozi alibaki mtu wa chama kimoja, na kazi ya kuwajua wananchi wote ikamwangukia mwenyekiti wa kitongoji, mwenye kaya nyingi zaidi. Jirani zetu wa Kenya, baada ya shambulio la Westgate la tarehe 21 Septemba 2013, waliazima mpango huo na hata jina lake la Kiswahili. Lakini jina huazimwa kwa urahisi kuliko desturi. Nguvu ya balozi wa kweli haikuwa katika daftari lake. Ilikuwa msibani, ambako alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na ndiyo maana watu walimweleza mambo.

Nguvu hiyo ilionekana kwa namna ya ajabu huko Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwezi Novemba 2014 wauaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28, na walimu walikuwa miongoni mwao. Tarehe 21 Desemba 2015 wakasimamisha basi jingine, wakitaka utengano ule ule. Safari hii abiria Waislamu walikataa kujitenga na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao ili wasitambulike. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alikuwa mmoja wa waliokataa; alipigwa risasi, naye akafariki mwezi Januari 2016. Uamuzi wa namna ile hautungwi mbele ya bunduki. Watu wale walikuwa wamekwisha kuuamua zamani, sokoni na darasani, kidogo kidogo, kila walipomwona wa dini nyingine kuwa ni mwenzao.

Turudi basi kwa mwanachuo wetu wa Kinampanda. Uamuzi wake wa kila siku ni mdogo na hauna sifa. Rafiki amwomba asajili laini ya simu kwa alama ya kidole chake, kisha amkabidhi laini hiyo; je, atakubali kwa sababu ni rafiki? Mtendaji aombwa barua ya utambulisho kwa mtu asiyemjua, na juu ya meza pamewekwa soda. Karani apokeaye soda hiyo hajui ameuza nini. Huenda ameuza barua tu, huenda ameuza njia ya kupitia mtu kama wale walioingia Kitaya, mkoani Mtwara, mwezi Oktoba 2020. Simu yaleta picha ya maiti yenye maneno ya kutisha, haina tarehe wala mahali. Akiituma kwa wenzake arobaini, amembebea gaidi mzigo wake bila ujira.

Na akiona jambo ambalo kweli lamtia wasiwasi? Aseme. Lakini aseme alichokiona kwa macho yake, siku gani na mahali gani, si anavyomdhania mtu kwa dini, kabila au ndevu zake. Tena amwambie mwenye mamlaka ambaye atalazimika kuchunguza na kujibu, si kundi la watu lenye marungu. Wapo wasemao kwamba masharti haya yanachelewesha. Yanachelewesha kidogo, bibi mwenye macho mekundu angeuhitaji ucheleweshaji huo.

Kwa mwalimu, mtihani mgumu zaidi umo katika daftari la mahudhurio. Wanaowavuta vijana kwenye makundi ya mauaji huwatafuta wale ambao hakuna mtu mzima anayewauliza habari zao. Kijana aliyekuwa hodari ameanza kukaa kimya, kisha haji shuleni Jumatatu, wala Jumanne, wala wiki nzima. Alama ya utoro huandikwa kwa nukta moja ya saa. Kutembea hadi kwao huchukua jioni nzima, njia ni ya vumbi, na mara nyingi mwalimu atakuta kwamba kijana alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake tu.