Je, Jua Huwaka kwa Ajili ya Mwanadamu?

Kila sekunde, ndani ya kiini cha Jua, takriban tani milioni 600 za hidrojeni hugeuka kuwa heliamu. Heliamu hiyo huwa na uzito mdogo kuliko hidrojeni iliyoizaa, na upungufu wa tani milioni 4 hivi ndio unaotoka kama nishati. Arthur Eddington alilidokeza jambo hili mwaka 1920, Cecilia Payne akaonyesha mwaka 1925 kwamba nyota zimejaa hidrojeni, na mwaka 1939 Hans Bethe akaeleza hatua za muungano wenyewe.

La kustaajabisha zaidi ni upole wa kazi hiyo. Joto la kiini hufikia nyuzi milioni 15, lakini protoni, yaani viini vya atomi za hidrojeni, husukumana kwa kuwa chaji zao ni za aina moja, na hata zikigusana ni nadra mno kuungana. Kwa wastani, protoni moja hukaa mabilioni ya miaka kabla ya kupata mwenzake. Ndiyo maana kilo moja ya Jua hutoa joto dogo kuliko kilo moja ya mwili wa binadamu aliye hai. Jua hung'aa kwa sababu ya ukubwa wake. Lingekuwa na pupa, lingekwisha mapema. Kwa mwendo huu limedumu miaka bilioni 4.6, na uhai duniani umetumia sehemu kubwa ya muda huo kukua kutoka vijidudu visivyoonekana hadi misitu na watu.

Nishati hiyo husambaa pande zote sawasawa. Dunia, iliyo umbali wa kilomita milioni 150, hupata mwanga uliosafiri dakika 8 na sekunde 20, nayo hukinga chini ya sehemu moja kati ya bilioni 2 za nishati yote. Juu ya angahewa, kila mita ya mraba inayolikabili Jua hupokea wati 1,361 hivi. Asilimia 30 hivi hurudishwa angani na mawingu, hewa, barafu na mchanga. Hata hivyo, nishati inayoifikia Dunia kwa saa moja au mbili inalingana na yote ambayo binadamu hutumia kwa mwaka mzima.

Hapo ndipo swali la kale linapopata uzito mpya. Kitabu cha Mwanzo kinasema mianga iliwekwa mbinguni iangaze juu ya nchi; Kurani inasema Jua na Mwezi vimetiishwa viwatumikie watu. Ikiwa ni hivyo, kwa nini karibu mwanga wote umwagike mahali pasipo na mtu? Wapo wanaojibu kwamba hesabu hiyo yatosha kukanusha kusudi lolote. Lakini jibu hilo lina dhana iliyojificha, kwamba kisichomfikia mwanadamu kimepotea. Hasara ni neno la mwenye akiba ndogo. Halimhusu Muumba asiyepungukiwa. Kwa hiyo hesabu haikanushi kusudi. Inachokanusha, na kwa nguvu, ni kiburi cha kudhani kwamba kusudi hilo ni mtu peke yake.

Maimonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika karne ya 12, alifika hapo bila kipimo chochote cha wati. Alifundisha kwamba mbingu hazikuumbwa kwa ajili ya binadamu, bali kila kiumbe kimetakwa na Mungu kwa ajili yake chenyewe, na kwamba manufaa ambayo kimoja hupata kwa kingine hayafanyi cha pili kuwa mtumwa wa cha kwanza. Msimamo huu ndio unaoafikiana vyema zaidi na yanayojulikana leo. Wala haupunguzi shukrani: mvua hainyeshi kwa ajili ya mtungi mmoja, ila maji yaliyomo mtungini ni riziki kamili.

Mustakabali wa Jua nao unaonyesha kwamba kusudi lake si mtu peke yake. Mng'ao wake huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila miaka bilioni moja, na katika muda wa kiasi hicho Dunia inatarajiwa kuwa na joto lisiloruhusu bahari kubaki. Hidrojeni ya kiini itatosha kwa miaka bilioni 5 hivi, kwa hiyo Jua litaendelea kuwaka kwa muda mrefu baada ya Dunia kutokuwa na mtu wala mti wa kupokea mwanga wake.