Shauri la Nani? Kupanga Pamoja Katika Mitaa ya Eastlands

Neno shauri lina nyuso mbili. Wanaoketi kushauriana hutafuta uamuzi ulio wa wote. Anayeambiwa "shauri yako" ameachwa peke yake na matokeo. Kati ya nyuso hizo mbili limo swali la kimaadili linaloikabili kila taasisi inayotaka kubadilika, iwe kanisa, chama, shule au jiji: nani ana haki ya kuamua juu ya mabadiliko, na atakayeishi nayo ana nafasi gani katika uamuzi huo?

Mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Eastlands, ilijengwa kwa muda mrefu bila swali hilo kuulizwa. Serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani katika miaka ya 1920 ili iwakusanye Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya mji. Kijiji cha Pangani kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake walielekezwa kwenye mtaa mpya ulioitwa Shauri Moyo. Kaloleni, wa miaka ya 1940, ulichorwa vizuri, ukawa na nyasi, miti na ukumbi wa jamii, ila waliochora hawakuwa wakazi. Wakazi hao waliugeuza ukumbi huo kuwa mahali pa mijadala ya siasa, na nafasi ya kusema waliyonyimwa kwenye ramani wakaitwaa ukumbini. Hata mradi wa Dandora wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kulenga ploti 6,000, ulimwachia mwananchi kazi ya kujenga nyumba baada ya mtaa kuwa umekwisha kupangwa.

Hoja ya kutetea uamuzi wa wachache wenye ujuzi ni ya kale. Plato aliifananisha dola na merikebu: anayestahili kuiongoza ni aliyejifunza nyota na pepo, wala si baharia mwenye kelele kuliko wenzake. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa mtaro wa majitaka haupati mteremko kwa kupigiwa kura. Lakini nahodha hujua njia tu. Bandari ya kwendea huchaguliwa na wenye safari. Tena ujuzi wenyewe ni wa aina mbili. Mhandisi anajua kipenyo cha bomba. Mama anayeuza mboga mlangoni pake anajua kichochoro kinachofurika mvua za masika zinaponyesha, na njia ambayo wasichana huiogopa giza likiingia. Mpango unaokosa ujuzi wa pili ni pungufu, hata ukiwa umechorwa kwa ustadi.

Dini nazo zimelijibu swali hili kwa njia zao. Sura ya 42 ya Kurani inaitwa Ash-Shura, jina la mzizi uleule uliozaa neno shauri, na aya yake ya 38 inaweka kushauriana pamoja na sala na kutoa. Katika Sura ya 3, aya ya 159, Mtume mwenyewe anaagizwa kushauriana na wafuasi wake, ingawa alikuwa akipokea wahyi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya shirikisho lao, AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 kupanga mustakabali wa Kanisa lao. Walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Katika jumuiya hizo majirani huisoma Injili nyumbani kwa mmoja wao, kisha hujiuliza inadai nini hapo walipo. Nje ya dini, Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alionyesha kwamba wapo wazee wasiosoma shule wanaofikiri kwa kina na kuzihoji mila zao wenyewe. Njia hizi tatu zinakutana hapa: hakuna binadamu aliyepewa hekima yote, na hakuna aliyenyimwa yote.

Mukuru, eneo la vitongoji duni jijini Nairobi, imelijaribu wazo hili kwa vitendo. Mnamo Agosti 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, zenye kaya zipatazo 100,000, kuwa eneo maalumu la upangaji. Mashirika zaidi ya 40 yaligawana kazi kwa sekta: afya, elimu, ardhi, maji, fedha na nyinginezo. Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa vitongoji lililoanza mwaka 1996, uliratibu wakazi: kaya kumi kumi ziliunda vikundi, na vikundi vikatoa wawakilishi hadi ngazi ya eneo zima. Katika mazungumzo ya kupanga eneo hilo vipimo vya kawaida vya barabara vilipunguzwa, kwa sababu kuvifuata kungebomoa nyumba nyingi mno. Hapo neno la mkazi lilibadilisha mchoro.

Njia hii ina mipaka yake. Wakazi wengi wa Mukuru ni wapangaji, na masilahi yao hayalingani na ya wenye vibanda wala ya wenye hati za ardhi; kikao kikiwachanganya wote, sauti ya mwenye mali inaweza kuimeza ya mpangaji. Kushauriana pia hakumlindi mtu pale mamlaka nyingine inapoamua bila kuuliza. Oktoba na Novemba 2021 nyumba za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara, na maelfu ya watu wakabaki bila makazi.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 10, inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Sarufi ya Kiswahili inaonyesha kinachobaki kutimizwa. Kushirikishwa ni kutendewa: yupo mwenye shughuli, naye amemkaribisha mwingine. Kushirikiana ni kutendeana, na shughuli ni ya wote. Mkutano unaosomewa uamuzi uliokwisha kupitishwa ni tangazo, hata kama mahudhurio yameandikwa na soda zimegawiwa. Mpango ni wa pamoja pale neno la aliye mdogo kabisa kikaoni linapoweza kuubadilisha. Usipobadilika kwa neno hilo, kilichobaki kwake ni "shauri yako".