Utu Hauna Bei

Kitu kina bei. Mtu hana bei, ana utu. Hivyo ndivyo tuwezavyo kuieleza kwa Kiswahili hoja aliyoitoa Immanuel Kant mwaka 1785, katika kitabu chake kuhusu misingi ya maadili. Chenye bei, alisema, chaweza kubadilishwa kwa kingine kilicho sawa nacho. Mwanadamu hana badala. Kwa hiyo ni haramu kumfanya mwenzetu chombo tu cha kutimizia haja zetu. Lugha yetu imelihifadhi jambo hilo katika sarufi: maneno mtu, kitu na utu yana shina moja, na kiambishi ndicho kimtengacho mwenye heshima na chenye kuuzwa. Mwalimu aweza kufundisha somo zima kwa viambishi hivyo vitatu.

Asili ya utu huo, kwa Kant, ni uwezo wa mtu kujiwekea sheria kwa akili yake na kuitii bila ya kushurutishwa. Hegel, aliyezaliwa mwaka 1770, hakutosheka na mtu aliye peke yake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1807 alieleza habari ya bwana na mtumwa. Bwana hutaka atambuliwe; lakini anayemtambua ni yule yule aliyemnyima utu, na heshima itokayo kwa mtu uliyemdunisha haishibishi. Mtumwa naye hufanya kazi, akaibadili dunia kwa mikono yake, na katika kazi hiyo akaanza kujijua. Kwa maoni yetu, falsafa ya Kijerumani haina kurasa zinazotugusa kuliko hizo.

Hata hivyo, katika mihadhara ya Hegel iliyochapishwa mwaka 1837, miaka sita baada ya kifo chake, Afrika ya watu weusi imetolewa nje ya historia ya ulimwengu. Kilwa ilikuwa imekwisha kutengeneza sarafu zake karne nyingi kabla ya hapo! Kant naye, mwaka 1764, aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi. Na katika miaka ya 1730 Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika Ghana ya leo, alikuwa amefundisha falsafa katika vyuo vikuu vya Halle na Jena. Jena hiyo hiyo ambako Hegel alikuja kukiandika kitabu chake cha bwana na mtumwa.

Je, tuyatupe mawazo yao? Wapo wasemao hivyo, nasi hatukubaliani nao. Mizani ya muuzaji anayepunja yaweza kuwa sahihi, nayo ndiyo itakayomfichua. Kant mwenyewe, katika andiko lake la mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, aliwashutumu Wazungu waliozivamia nchi za ng'ambo na kuwahesabu wenyeji kuwa si chochote. Shutuma hiyo haiyafuti maneno ya 1764, lakini yaonyesha jinsi hoja ilivyomvuta mwenye hoja.

Wala tusiwaelekezee Wajerumani peke yao kidole. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadi mwaka huo watu walinadiwa humo, wakapapaswa na kutajiwa bei, katika mji uliosema lugha hii hii iliyokwisha kutenga mtu na kitu.