Leseni ya kompyuta: Umenunua nini hasa?

KATIKA miji yetu ni nadra kumkuta Muislamu mwenye kuswali ambaye atathubutu kuingia katika duka la mtu akachukua kandambili bila ya kulipa. Lakini Muislamu huyo huyo atawekewa na fundi Windows ya kunakili katika kompyuta yake, atamlipa fundi ujira wake, na wala hatoona kuwa kuna suala la kujiuliza. Sisemi haya kwa kumsuta mtu. Nasema kwa sababu suala lenyewe si jepesi kama wanavyodhani wale wasemao "huu ni wizi, basi", na wala si jepesi kama wanavyodhani wale wasemao "hakuna neno".

Tuanze na kile kinachouzwa. Anayelipia Windows hainunui Windows. Anachonunua ni ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ndiyo inayoitwa leseni. Ukitaka kuipima kwa mizani ya fiqhi utaona inakaribia ijara kuliko bei, ingawa kwa kawaida haikuwekewa mwisho wa muda. Umepangishwa nyumba, hukuuziwa. Tena wapangaji ni wa aina mbili. Wapo walionunua leseni dukani peke yake, hao wanaruhusiwa kuihamisha kutoka mashine moja kwenda nyingine, ilimradi waiondoe kule ilikotoka. Na wapo walionunua kompyuta ikiwa na Windows yake tangu kiwandani. Leseni ya hawa imefungwa na mashine ile ile, ikifa imekufa nayo.

Kijana mmoja mwenye duka la steshenari maeneo ya Kariakoo aliwahi kuniletea maswali matatu kwa pamoja, nami naona yanatosha kutuonesha sura zote za jambo hili. Ana kompyuta yenye Windows halali. Je, anaweza kuweka Linux pembeni yake, ili mashine inapowaka achague aingie wapi? Je, anaweza kuichukua Windows ile ya kiwandani akaiweka pia katika mashine ya pili? Na je, anaweza kuacha vijana wake watano waingie katika mashine hiyo moja kutoka mbali, kupitia mtandao, wote kwa wakati mmoja?

La kwanza halina tatizo lolote. Linux haidai malipo, na Windows yake imebaki moja katika mashine yake. Lingekuwa na tatizo kama mifumo yote miwili ingekuwa Windows, kwani kila nakala iliyowekwa inahitaji leseni yake hata kama mashine ni moja na hutumii mbili kwa pamoja. Wengi waliteleza hapa mwaka 2015, pale Microsoft ilipotoa Windows 10 bure kwa waliokuwa na Windows 7 au 8.1 halali. Baadhi ya watu waliichukua mpya na kubakisha ya zamani katika upande mwingine wa diski. Masharti yalisema mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani. Ni sawa na mtu aliyeambiwa "lete kanzu yako kuukuu nikupe mpya", akaondoka na zote mbili.

La pili jibu lake limeshatangulia: la, haifai.

La tatu ndilo lenye utamu, kwa sababu mashine yenyewe inaweza. Windows ya toleo la Professional inaruhusu kuingiwa kutoka mbali, lakini mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Toleo la Home halipokei kabisa. Hata Windows ya sava huruhusu wawili tu bila ya malipo ya ziada, tena kwa kazi ya kuisimamia sava, na zaidi ya hapo kila mtu au kila kifaa hulipiwa. Lakini mafundi wanajua faili la kubadilisha, na likishabadilishwa wanaingia watano au kumi. Hakuna kilichovunjika, hakuna aliyepungukiwa chumba. Basi kosa liko wapi?

Liko pale pale lilipo kwa mpangaji aliyechukua chumba kwa ajili yake, kisha akapanga vitanda vitano na kutoza kila kitanda. Mwenye nyumba hakupungukiwa ukuta, lakini aliuza manfaa ya mtu mmoja na yamechukuliwa manfaa ya watu watano.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni mali yenye thamani na haijuzu kuziingilia. Wapo wanavyuoni ambao hawakuridhika na rai hiyo, wakisema mali ni kitu cha kushikika na elimu haifungiwi. Nawaheshimu. Lakini hata wao hawajasema kuwa mtu akiingia mkataba anaweza kuuvunja atakavyo.

Hapo ndipo huja hoja iliyo nzito kuliko zote: mkataba gani? Kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, na chini yake kitufe cha "Nakubali". Ridhaa iko wapi? Hoja hii ina ukweli ndani yake, na kampuni hizi zinajua kwamba hakuna asomaye. Lakini tuifuate mpaka mwisho wake. Mkataba ukibatilika, kila mmoja hurudisha alichopokea. Kubatilika kwake hakukupi kitu cha mwenzio bure.

Wengine husema matajiri wa Marekani hawataumia, tena si Waislamu. Hii siioni kuwa ni hoja. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwacha Ali (r.a.) nyuma arudishe amana za watu, na wenye amana hizo walikuwamo katika mji ule ule uliokusudia kumuua.

Ama dharura, zamani pengine ilikuwa na nafasi. Lakini dharura husimama pale ambapo halali haipatikani, na tangu Linus Torvalds aitoe Linux mwaka 1991, na Ubuntu ilipokuja mwaka 2004, halali inapatikana tena bila malipo. Katika Linux wale vijana watano wangeingia wote kutoka mbali bila ya kumdhulumu mtu. Nayo pia ina masharti yake: ukiibadilisha kisha ukaisambaza, ni lazima utoe na msimbo wake. Mwenye programu ya mahesabu inayotaka Windows pekee, na alipie Windows moja kwa ajili ya hiyo, mashine nyingine zitumie Linux. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia nyepesi, wallahu a'alam.

Jambo moja linanisikitisha. Kompyuta nyingi za mtumba zinazoingia nchini zilikuja na leseni zao. Za zamani zina stika ubavuni yenye namba ya Windows, na nyingi za kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 zina namba hiyo ndani ya mashine yenyewe. Leseni hiyo huhama pamoja na kompyuta. Fundi anaifuta diski, anaweka nakala yake ya wizi, na mnunuzi anaingia katika shubha hali ya kuwa haki yake ameibeba mkononi.

Na fundi akibonyeza "Nakubali", amebonyeza kwa niaba ya nani? Kwa fiqhi yeye ni wakili wa mwenye mashine. Kamati ya shule zetu inaponunua kompyuta 20, bajeti huandikwa ya meza, viti, nyaya na hata mapazia. Sehemu ya programu huachwa tupu, kwa kuwa kila mjumbe anajua fundi atakuja na diski yake. Mjumbe wa kamati ya namna hiyo akisoma safu hii, namuomba katika kikao kijacho asimamie sehemu hiyo ijazwe, ama kwa bei ya leseni 20, au kwa neno moja tu: Linux.